Mgono Uliobaki Mtaroni

Pumba za mpunga zikilowa na kulala kwenye maji yaliyotuama hutoa uchachu fulani, kama togwa iliyosahauliwa chunguni, na harufu hiyo siiwezi mpaka leo. Juzi nilikuwa napita nyuma ya mashine ya kukobolea, hapahapa Viwanja Sitini, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Harufu ikanipata ghafla. Nikasimama katikati ya njia, mkono puani, machozi yananilengalenga, watu wananipita. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Bibi, vipi, unaumwa?" Nikamwambia aniondokee hapo. Maskini, hakuwa na kosa lolote. Ila kichwani nilikuwa nimeshamsikia marehemu mama yangu akisema, "Mwenyewe hayupo."

Wenzangu mliokulia huku zama zile, kabla hatujapandisha bendera yetu, mnaikumbuka Ifakara ilivyokuwa. Mji tambarare, maji yakishuka hayajui yaelekee wapi. Mvua ikipiga milimani, mto Lumemo unafura bila taarifa, na mvua ikipiga mjini ndiyo kabisa, kila uwanja unakuwa bwawa. Ndiyo maana wakubwa wa bomani waliamuru uchimbwe mtaro, na baba zetu wakauchimba kwa majembe yao wenyewe. Ulianzia sokoni, ukapita nyuma ya maduka ya Wahindi na nyuma ya mashine ya mpunga, ukapita ubavuni kwa nyumba yetu, ukapiga kona juu ya kiwanja cha Mama Sabina, halafu ukaenda zake mpaka Lumemo. Pale chini ya kona ndipo palipokuwa na kisima cha Mama Sabina, ambacho nyumba zote za upande ule zilikuwa zinakitegemea.

Bwana afya, kijana mwembamba wa kaptula ya kaki, alipita nyumba kwa nyumba kutueleza. Mtaro ukiwa wazi, alisema, maji machafu ya soko yanapita juu ya kisima na kuondoka. Ukiziba, yanamwagika hapa konani, na mtakunywa choo. Alitamka hivyohivyo, choo, mbele ya wanawake watu wazima, na habari iliyobaki mtaani wiki ile ilikuwa kwamba yule kijana hana adabu. Kuhusu mtaro wenyewe hakuna aliyeongea.

Baba yangu alikuwa Mndamba wa mtoni hasa, mtu aliyejua kupiga kasia kabla ya kujua kufunga kamba ya kaptula. Mjini alikuja kutafuta kazi, akaipata ya kupakia magunia kwa tajiri wa ile mashine. Magunia yalimpa mshahara, raha hayakumpa. Masika yakiingia alikuwa akikaa kibarazani jioni, kichwa ameinamisha upande wa mtaro, anasikiliza. "Wamepanda hao," anasema. Alikuwa na maana ya kambale. Ninyi mnajua, mto ukifura kambale huacha kina na kufuata maji madogo, hata ya njiani wanaogelea. Mwaka ule hakuvumilia. Akasuka uzio wa matete, akaukaza kwa vigingi kuvuka mtaro wote, pale tu kona inapoishia, na katikati akaacha nafasi ya mgono, lile tenga refu la fito ambalo samaki akiingia kwa mdomo hapati njia ya kurudi.

Bwana afya akaja akapiga kelele. "Mzee, hapa si mtoni. Huu ni mtaro wa serikali!"

"Mtaro wa serikali, samaki wa Mungu," baba akamjibu bila hata kuinua uso. "Wewe unamdai nani?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akamwahidi, kwa upole sasa, kwamba atausafisha uzio kila asubuhi na kila jioni ili maji yasikwame, na kwa haki yake lazima niseme alikuwa akiusafisha. Alikuwa akiingia mtaroni kabla ya kwenda kazini, anatoa majani ya migomba na takataka za soko kwa mikono. Na samaki tulikula! Mama aliwachoma, aliwakausha, aliwatia nazi siku moja ya Pasaka kama watu wa pwani. Baba alifuata ada ya kwao: samaki wa kwanza wa kila asubuhi ni wa aliye chini yako, kwa kuwa umemzuilia maji yake. Wa chini yetu alikuwa Mama Sabina. Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka.

Mama Sabina alikuwa mfinyanzi. Mume wake alikwenda kukata mkonge, hakurudi, na habari zake zilikoma. Alikaa pale na Sabina, rika langu, na Deo, kitindamimba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nikifika na kambale wangu namkuta amekaa na udongo mpaka viwikoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Yustina. Mwambie baba yako mkono wake usikauke." Deo atajikokota mpaka miguuni pangu, atashika nguo yangu, atataka kubebwa. Nilicheza rede na yule mtoto mgongoni. Alikuwa mzito, na kila nikikwepa mpira alikuwa akicheka kana kwamba anayelengwa ni yeye.

Sasa niseme kuhusu sheria ya mgono, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwa watu wa mtoni, mgono wa mtu hauguswi. Unaweza kumkuta jirani kasafiri, mgono wake umejaa samaki wanaoza, na wewe watoto wako wana njaa, unapita. Na kulikuwa na la ziada, ambalo bibi mzaa baba alimfundisha mama siku alipoolewa: mwanamume akiwa safarini majini, mgono wake usitolewe na mtu mwingine, kwa kuwa ukiung'oa, umemng'oa mwenyewe. Mama hakuwa wa mtoni. Mama alikuwa Mpogoro wa milimani, Mahenge, maji mengi aliyaona alipokuja kuolewa. Alimwogopa mama mkwe wake na aliuogopa mto, na mambo ya mto aliyashika kuliko waliozaliwa nayo, kama anavyofanya mgeni yeyote asiyetaka kuonekana mgeni.

Basi tajiri akamtuma baba Malinyi kushughulikia mpunga wake uliokwama huko. Kivuko kilikuwa kimesimamishwa kwa sababu ya mto, ikabidi avuke kwa mtumbwi. Aliondoka kwa haraka, hata chai hakumaliza. "Narudi upesi," alisema, na kuhusu mgono hakusema neno. Haikupita muda sokoni pakavuma kwamba mtumbwi umepinduka huko mtoni, haijulikani wa nani, haijulikani wangapi. Mama alizisikia habari hizo ameshika kibaba cha chumvi. Alirudi nyumbani na kibaba kilekile mkononi, hajalipa, na mwenye duka hakumwita.

Mvua kubwa ilianza asubuhi ya siku iliyofuata. Mashine ilikuwa imekoboa kwa wingi majuma yale na pumba zilirundikwa nyuma yake kama kichuguu. Maji yakazibeba zote. Zikaja kwetu, zikakuta uzio wa baba, zikagoma hapo. Nilikuwa mlangoni nikitazama. Maji yalikuwa rangi ya chai, yana povu, yanapanda kwenye ukingo, na ndani yake kulikuwa na maganda, manyoya ya kuku, na mengine ya kutoka vyoo vya soko nisiyotaka kuyataja. Ndiyo hapo nilipoijua ile harufu. Nyumba yetu ilikuwa imejengwa kwenye mwinuko, haikuwa na wasiwasi wowote.

Mama Sabina akaja amejifunika gunia, Deo mgongoni chini ya gunia lilelile.

"Hodi, Mama Yustina."

"Karibu. Pita ndani, unalowa."

"Sipiti. Mgono wenu umeziba."

"Nimeuona," mama akasema.

"Basi utoeni maji yapite. Yakikata ukingo pale konani, yote yanaingia kisimani."

"Mwenyewe hayupo."

"Najua hayupo. Ninyi mpo."

"Yuko majini, Mama Sabina!" Sauti ya mama ilipanda ikapasuka. "Yuko majini, na wanayosema sokoni umeyasikia. Unaniambia nikamng'oe mume wangu kwa mkono wangu?"

Mama Sabina akamsogeza Deo juu ya mgongo, akamfunga upya. "Dada," akasema polepole, "mimi ndiye niliyezaliwa mtoni. Sheria hiyo nimeinyonya. Lakini mtoni maji yana pengine pa kupita. Hapa hayana."

Wanaume wa mtaa walikuwa wamejikusanya chini ya upenu wetu, miongoni mwao mjomba wangu Kasiani, mdogo wake mama, aliyekuwa akipakia magunia pamoja na baba. Mama Sabina akawageukia. Mjomba akatazama miguu yake. "Mimi nitafanyaje," akasema, "si mgono wangu." Mwingine akasema bwana afya aitwe. Bwana afya alikuwa amekwama Kiberege, na kila mtu alijua. Wote pale walikula kambale wetu, na wote walikuwa wanajua maji yanakwenda wapi.

"Loo! Wanaume wazima mnaogopa tenga," Mama Sabina akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha. Akashuka ukingoni mwenyewe. Akainama, akashika kigingi cha kwanza.

Hapo mama akatoka mvuani, kichwa wazi. Sikuwahi kumsikia akiongea vile, na sikumsikia tena. "Uguse! Uguse nikuone. Mume wangu asiporudi, nitasema ni wewe uliyemuua. Nitasema kanisani, nitasema bomani, nitamwambia na mwanao huyo akikua."

Mama Sabina akabaki ameinama, mkono uko kwenye kigingi. Maji yalikuwa yanampiga magotini. Mwanamke asiye na mume, kwenye mji wa watu, na tishio kama lile, jamani, mfikirieni. Akakiachia. Akapanda ukingo, akampita mama bila kumtazama. "Haya," akasema. "Mungu ameona."

Na mimi nilifurahi. Kwa nini niwafiche? Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, nilimtaka baba yangu, na niliona mama amemwokoa. Nilimwona mama yangu shujaa, nikamshika kiuno kilicholowa nikajificha hapo.

Ukingo ulikatika mchana uleule. Kona yote ilikwenda mara moja, na maji yalipopata njia hayakuwa na kelele tena, yaliteremka kimya, mapana, moja kwa moja kwenye kiwanja cha Mama Sabina. Wanaume ndiyo sasa wakakimbia na majembe. Sasa! Walirundika udongo, maji yakaubeba. Vyungu vyake vibichi vilivyokuwa vikikaushwa upenuni viliyeyuka vikarudi kuwa tope. Kisima kilifunikwa kabisa. Ulikuwa unaona tu pumba zikizunguka pale mdomo wake ulipokuwa. Mama alisimama kwenye mwinuko wetu akatazama yote, ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

Maji yalipopungua, watu waliteka kwenye kisima kilekile. Wangeteka wapi? Bomba la misheni lilikuwa ng'ambo ya maji mengine, kuni zote zimelowa, hakuna wa kuchemsha. Walichuja kwa kanga. Upande ule wote ukashikwa na tumbo. Sabina aliugua akapona. Deo walimbeba kwenye mtumbwi mdogo mpaka hospitalini kwa masista, na wakarudi naye kwa mtumbwi huohuo akiwa amefunikwa. Mazishini nilisikia mtu nyuma yangu akisema ni mapenzi ya Mungu, na mwingine akasema, "Mungu gani, wewe? Mgono." Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia.

Baba alirudi tumeshazika. Alikuja akiimba kutoka mbali, kuku mkononi, furushi la mchele begani. Mama alitoka mbio, akamshika mikono, akamgeuzageuza kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka.

"Umepita majini salama? Mtumbwi haukupinduka?"

"Majini gani?" baba akacheka. "Nilivuka siku ileile niliyoondoka; mto ulipochafuka, nani angerudi? Nilikuwa Malinyi kwa shangazi, nalala, nakula wali. Nimevuka leo asubuhi, mto umetulia." Halafu akaona kona ya mtaro. Akaona uzio wake na mgono, umesimama palepale imara, umejaa pumba na samaki waliooza. Kicheko kikamwisha usoni. "Kuna nini hapa? Mbona hamkuung'oa?"

Mama akamwambia. Alisema yote, pamoja na tishio, hakuficha neno. Mwishoni akasema, "Mama yako alinifundisha. Mwanamume akiwa majini..."

"Mama yangu!" Baba aliketi kwenye furushi la mchele. "Mama yangu mwenyewe ameung'oa wa marehemu baba mara ngapi, maji yakizidi! Fito zile, mke wangu. Fito! Ningesuka nyingine jioni moja. Ile sheria ni ya wezi. Ilitungwa kwa ajili ya wezi."

Mama alikwenda jikoni akakaa chini, akainua mfuniko wa chungu, akaurudisha, akauinua. Kuku aliyeletwa alikuwa bado amefungwa miguu mlangoni, na hakuna aliyemkumbuka mpaka kesho yake. Baba alikwenda mtaroni akavunja kila kitu, akachoma hata vigingi. Baadaye alitumia siku zake za Jumapili kujenga ukingo wa kona kwa mawe aliyoyabeba kutoka mbali, peke yake, na kambale hakumtia mdomoni tena. Alisema wanamkwama. Tena aliniambia nikiwa mkubwa kwamba jambo linalomuuma kuliko yote ni ile chai ambayo hakuimaliza, kwa sababu kama angeimaliza angekumbuka kumwambia Kasiani autoe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakuna aliyempa pole baba, na mama ndiyo kabisa.

Baada ya matanga, mama akaanza jambo ambalo mimi nililielewa vibaya. Kila alfajiri alichukua debe, akaenda mpaka bomba la misheni, ambako ni mbali, mnajua, na ukirudi njia yote ni tope. Debe hilo la kwanza hakulileta nyumbani. Alilitua mlangoni kwa Mama Sabina, akamimina kwenye mtungi uliokuwa nje, akaondoka. Halafu ndipo anarudi tena bombani kuteka ya kwetu. Hakubisha hodi, hakuagiza mtu. Kiangazi na masika, akiwa mzima na akiwa na homa. Mimi nikasema moyoni, tazama, wamepatana. Nikajivuna. Niliwaambia wasichana wenzangu bombani kwamba mama yangu na Mama Sabina ni mashoga wakubwa, mama hawezi kunywa maji kabla mwenzake hajanywa. Wasichana wakubwa wakatazamana. Nilidhani wananionea wivu.

Sabina ndiye aliyenitoa ujinga. Tulikuwa bado tunacheza, ingawa si kwao tena wala si kwetu, katikati. Siku moja nilimsifia jambo hilo, akaniangalia kwa mshangao. "Maji hayo?" akasema. "Mama huyamwaga kwenye migomba. Sisi tunateka wenyewe."

Nilirudi nyumbani nimefura hasira. Nikamwambia mama kwamba anajichosha bure, kwamba yule mwanamke hana shukrani, maji yake anayamwaga. Nilitegemea mama ashangae. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo haukusimama.

"Najua," akasema. "Ni yake. Akitaka kumwaga, amwage."

"Sasa kwa nini unapeleka?"

"Yustina, kalete kuni."

Nikaenda kuleta kuni. Na ni kule nyuma ya nyumba, nimebeba kuni mikononi, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ule haukuwa urafiki, na kwamba yule shujaa wangu wa mvuani alikuwa anaamka kila siku na kitu ambacho hakina pa kuwekwa. Nilijisikia vibaya kwa kufurahi kwangu. Bado najisikia. Nimeshaambiwa na padri kwamba mtoto hana hatia, na nimeitikia, lakini mwili haukuitikia. Nilijificha kwenye kiuno kile na nilikuwa na raha.

Masika mengine yakafika. Mngedhani mtaa ule ungekuwa umejifunza. Hata! Kambale walipoanza kupanda, watu walivumilia kidogo, kisha matete yakaanza kuonekana tena mtaroni. Bwana afya yule mkali alikuwa amehamishwa, aliyekuja baada yake alikuwa mpole. Mgono uliokaa mahali palepale pa baba ulikuwa wa mjomba Kasiani. Mama alimwambia autoe, mjomba akasema yeye si kama shemeji, yeye hasahau. Na ndipo tajiri alipomtuma yeye Malinyi, mto ukiwa umefura na kivuko kimesimama. Akapanda mtumbwi akaenda.

Mvua ilipiga mchana. Nilikuwa nimetoka shule, nimejibanza upenuni kwetu pamoja na wanaume walewale, kwa kuwa pale ndipo watu walipozoea kukingia. Pumba zikaja. Maji yakaanza kupanda kwenye mawe ya baba. Mama alitoka ndani, akajifunga kanga kiunoni, akateremka mtaroni mpaka maji yakamfika mapajani.

"Mama Yustina!" mmoja wa wanaume akapiga kelele. "Kasiani yuko majini! Ndugu yako wa tumbo moja!"

"Namjua," mama akasema. "Nilimbeba mgongoni."

Akashika kigingi akavuta. Alikuwa analia, nilimwona, na huku anaomba. Siku ile niliogopa kwamba mjomba anakufa mbele yetu, na nadhani mama pia alikuwa anaamini hivyo, maana kuambiwa na mume kwamba ni fito tu hakumtoi mtu hofu ya miaka. Alivuta hivyohivyo. Kigingi cha kwanza kikatoka, cha pili kikatoka, lakini mgono wenyewe ulikuwa umejaa pumba na mzito kupita mtu mmoja. Aliteleza, akaanguka, akainuka na tope mpaka kwenye nywele. Wanaume walikuwa wanatazama. Nikataka kwenda, nikabaki nimeshika nguzo ya upenu.

Mama Sabina alikuwa ameshatoka nyumbani kwake. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Akaja kwa kufuata ukingo, bila haraka, akateremka upande wa pili, akashika mkia wa mgono. Hawakusalimiana. Walivuta pamoja, mara moja, mara nyingine, uzio ukapasuka, na mgono ukatoka na samaki wake wote. Maji yakapita kwa nguvu kati yao, yakaiacha kona, yakaelekea Lumemo.

Walibaki wamesimama mtaroni, kila mmoja ukingo wake, wanahema. Mama akanyoosha mkono kumsaidia mwenzake kupanda. Mama Sabina aliutazama ule mkono, umechubuka, unatoka damu kwenye vidole.

"Mama Yustina," akasema, bila ukali wowote, kama anayeuliza jambo analotaka kulijua tu. "Mikono hii hii, mwaka jana ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo," mama akajibu.

Mama Sabina akapanda ukingo mwenyewe, akaenda kwake.